Sakafu inayokula moshi

Zege la wodi ya watoto lilikuwa limetimiza siku 28 tangu limwagwe, na hizo ndizo siku ambazo mafundi huzihesabu kabla ya kusema zege limekomaa. Madirisha yalikuwa bado hayana vioo. Kituo hicho cha afya kinajengwa nje kidogo ya Dar es Salaam, kando ya barabara isiyokatika daladala wala malori ya mchanga, na kibao cha saiti kinasema kwamba hili litakuwa jengo la kijani. Asubuhi ile watu wanne walisimama juu ya zege hilo na swali moja: tupake nini hapa?

Mimi nilikwenda kusikiliza tu. Nilipotoka nilikuwa nimeshachagua upande. Sauti nazipanga kwa kazi za wenyewe, bila majina, na nimezifupisha, maana mabishano yalikula asubuhi nzima na chai mbili.

MSANIFU (kijana, ndiye aliyechora jengo): Shikamooni wakubwa zangu. Nitasema wazi ninachokitaka. Nataka sakafu inayofanya kazi. Kuna rangi na saruji zenye oksidi ya titani, na oksidi hiyo ikipigwa na jua huunguza hewa chafu inayoigusa. Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha mwaka 1972 kwamba oksidi hiyo ikimulikwa inaweza hata kuyapasua maji. Baadaye kampuni ya Italia, Italcementi, ikaitia kwenye saruji. Kanisa la Dives in Misericordia kule Roma, lililochorwa na Richard Meier na kufunguliwa mwaka 2003, limejengwa kwa saruji hiyo. Lina kuta tatu zilizopinda kama matanga ya jahazi. Wenzetu wameiweka ukutani, sisi tuiweke sakafuni. Malori yanapita hapo nje, na watoto wa pumu watalala humu.

FUNDI (mzee wa saruji na rangi): Marahaba, binti yangu. Swali langu ni moja. Hiyo rangi ina harufu?

MSANIFU: Inategemea imechanganywa na nini, mzee.

FUNDI: Basi tutarudi hapo hapo. Mwalimu aseme kwanza.

MWALIMU (wa kemia, mjumbe wa kamati ya ujenzi): Dada hakukosea. Oksidi ya titani ya aina ya anatasi ikipata miale ya urujuanimno, ile iliyo chini ya nanomita 390 hivi, hugeuza oksijeni na unyevu kuwa vitu vikali mno. Vitu hivyo huzishika oksidi za nitrojeni za moshi wa magari na kuziacha zikiwa nitrati, chumvi ambayo mvua huiosha. Ndivyo inavyokuwa maabara. Sasa tutazame tulipo. Hii ni sakafu ya ndani. Kioo cha dirisha kinazuia sehemu ya miale hiyo, taa za LED karibu hazina miale hiyo kabisa, na juu ya sakafu kutakuwa na vitanda, mikeka na miguu ya watu. Mtambo huu unaendeshwa na jua, na sisi tunauweka kivulini.

MSANIFU: Tukifunga taa za urujuanimno je?

MWALIMU: Walijaribu Brussels. Katika handaki la magari la Leopold II, kati ya 2011 na 2013, watafiti walipaka titani, wakafunga taa za aina hiyo, wakapima hewa. Moshi, kama ulipungua, haukupungua zaidi ya asilimia 2. Uchafu wa handaki ulikuwa mwingi mno, na uso uliopakwa ukapoteza nguvu. Uingereza nako, wataalamu wanaoishauri serikali juu ya hewa walipitia majaribio ya namna hii mwaka 2016, wakasema ushahidi ni mdogo kwamba kuta zilizopakwa zitaisafisha hewa ya mji. Rangi husafisha hewa inayoigusa, na hewa nyingi hupita bila kuigusa.

MSANIFU: Brussels si Dar es Salaam, mwalimu. Jua wanalolipata wao Julai sisi tunalo mwaka mzima.

MWALIMU: Hapo umenishika, na nakubali. Jua letu la ikweta lina urujuanimno mwingi kuliko la Ulaya. Kama ungeniambia tupake baraza ya nje, ningesema tujaribu, mradi paoshwe mara kwa mara, maana vumbi likitanda juu ya titani miale haipiti. Lakini hata barazani haitakula vumbi lenyewe, wala masizi ya mkaa. Inakula gesi tu. Na wodini nina hofu nyingine. Mivuke ya rangi na sabuni ikiunguzwa nusu kwa sababu mwanga hautoshi, kinachobaki njiani kinaweza kuwa formaldihaidi, ambayo ni mbaya kuliko ile mivuke uliyotaka kuiondoa.

Dada huyu hakuwa mchuuzi wa ndoto. Alikuwa amesoma, na nia yake ilikuwa njema kuliko ya wengi wanaobandika neno kijani kwenye kibao na kuishia hapo. Lakini kuna jambo nililoliona asubuhi ile na ambalo sijaacha kulifikiria. Kwa nusu saa nzima tulikuwa tumezungumzia moshi wa malori yaliyo nje ya ukuta, na hakuna aliyekuwa ameuliza rangi yenyewe itamwaga nini ndani. Isipokuwa mzee, na yeye hakuwa amejibiwa.

SISTA (muuguzi atakayeisimamia wodi): Mimi sakafu naijua kwa magoti. Mtoto akianza kutambaa, uso wake uko shibiri moja kutoka chini, na kila anachookota kinakwenda mdomoni. Kwa hiyo nataka sakafu isiyo na maungio, inayostahimili klorini kila siku, na isiyoteleza ikilowa. Niliambiwa epoksi. Lakini nilishafanya kazi mahali, sitapataja, ambapo wodi ilipakwa epoksi Ijumaa, na Jumatatu tukaingiza wagonjwa. Macho yalituchonyota wiki nzima. Mtoto mmoja wa pumu tulimtoa usiku tukamlaza kwenye korido. Haya yalitokea ndani ya jengo jipya linalong'aa.

FUNDI: Sista, hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Nyinyi mlipumua siku tatu baadaye. Mimi hupumua wakati kopo linafunguliwa. Tazameni vidole hivi. Epoksi ni vitu viwili, rezini na hadina, unachanganya na kupaka kabla haijaganda. Miaka ya nyuma tulichanganya kwa mikono mitupu, tukanawa kwa thina. Leo nikishika hadina, ngozi inavimba jioni hiyo hiyo. Daktari aliniambia mwili umeshaikataa na hautaikubali tena. Kijana wangu mmoja aliacha kazi kwa ajili hiyo. Thina nayo ukifanya kazi ndani, mlango umefungwa vumbi lisiingie, kichwa kinakuwa chepesi, unacheka bila sababu, kisha unatapika. Tulidhani ni njaa.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mwalimu ndiye aliyeendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

MWALIMU: Mzee ametaja vitu viwili na naomba visichanganywe. Thina ni mivuke: inapaa, inaingia mapafuni, ikitoka nje inasaidia kuzalisha ozoni karibu na ardhi. Hiyo hupimwa kwa gramu ndani ya lita moja ya rangi. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2004, umezitengea kundi lake rangi za sehemu mbili kama hizi za sakafu: tangu 2010 zile za maji haziruhusiwi kuzidi gramu 140 kwa lita, na zile za thina gramu 500. Mnaona pengo lilivyo. Eneo la Los Angeles wamekaza zaidi, rangi ya sakafu isizidi gramu 50. Kwa hiyo ukichagua epoksi ya maji, au ile isiyotiwa kiyeyusho kabisa, umeondoa sehemu kubwa ya harufu. Lakini hadina inabaki. Haipimwi kwa pua. Kopo linaweza kuandikwa kwamba halina mivuke na bado likamwunguza fundi mikono.

MSANIFU: Glavu, basi.

FUNDI: Glavu za mpira mzito, si zile nyepesi za hospitali, hizo hadina inazipenya. Na nani ananunua? Katika mkataba wa jengo hili kuna fedha za kibao cha kijani. Za glavu sijaziona.

MSANIFU: Mzee, hilo nitaliandika leo.

Nilimwona akiliandika. Tukahamia dirishani penye upepo, chai ikaletwa.

FUNDI: Sasa niseme langu. Kwa nini tupake? Hili zege ni sakafu tayari. Wazee wetu walipiga niru. Unamwaga tabaka la saruji na mchanga, likianza kushika unanyunyiza saruji laini, unakandamiza kwa mwiko wa chuma hadi inang'aa kama sahani. Ukitaka rangi, unaichanganya humo humo kwenye saruji. Nyumba ngapi za zamani zina sakafu nyekundu ambayo imekanyagwa miaka hamsini na haijabanduka? Rangi haibanduki kwa sababu haikupakwa. Imo ndani.

MWALIMU: Na hapo ndipo ukijani ulipo, kama mnataka kuuhesabu. Utengenezaji wa saruji duniani hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa yote ya binadamu. Hewa hiyo tumeshaitoa, zege liko chini ya miguu yetu. Tukiweka juu yake gundi na marumaru zilizochomwa kwenye tanuri, tunaongeza nyingine. Tukilifanya zege lenyewe kuwa sakafu, tunaongeza kidogo tu. Kuna dawa ya silikati, ya sodiamu au lithiamu, inapakwa ikiwa imeyeyushwa kwa maji. Inaingia kwenye vitundu, inakutana na chokaa iliyobaki ndani ya saruji, vinaungana kuwa gundi ile ile inayoshika saruji. Haina thina. Zege linakuwa gumu na linaacha kutoa vumbi.

MSANIFU: Wakandarasi wa mjini wanasaga zege kwa mashine hadi kokoto zinaonekana. Ni nzuri sana.

FUNDI: Nzuri kwa anayeiona ikiwa imeisha. Ile mashine ikisaga kavu, hatuonani.

MWALIMU: Na vumbi hilo lina silika. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 1997 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, na kabla ya saratani kuna ugonjwa wa mapafu kuwa mawe. Kama ni lazima kusaga, isagwe kwa maji. Niru ya mzee haisagwi kabisa, inalainishwa ikiwa mbichi.

Neno lenyewe sakafu limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni paa au dari. Katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, boriti za mikoko zilibeba mawe ya matumbawe na chokaa, na juu ya chokaa hiyo watu walishinda wakiipigapiga kwa miti hadi ikashikana. Paa la mtu wa chini likawa sakafu ya mtu wa juu. Nilitaja jambo hilo, na msanifu akaruka mara moja: chokaa inavuta hewa ukaa inapokauka, kwa nini tusirudi huko? Mwalimu alimjibu kwamba ni kweli inavuta, lakini inachokirudisha ni kile tu kilichofukuzwa kwenye jiwe lilipochomwa tanuuni. Moshi wa kuni zilizolichoma haurudi. Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa lilininyang'anya hoja yangu.

MSANIFU: Basi kama ni rangi ndani ya saruji, nipeni nafasi niwasimulie kitu. Kule Ohio, Marekani, kuna migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa zamani. Maji yanajaa ndani, yanakutana na madini ya chuma na salfa pamoja na hewa, yanageuka tindikali na kuyeyusha chuma. Yakitoka nje chuma kinaganda, na kijito kinakuwa cha rangi ya chungwa. Samaki hawapo. Wadudu hawapo. Guy Riefler, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Ohio, na mchoraji John Sabraw wa chuo hicho hicho waliyatazama maji ya kijito cha Sunday Creek wakaona kwamba ile takataka ni oksidi ya chuma, kitu kile kile ambacho mzee anakitia kwenye sakafu nyekundu. Wakaanza kuyachukua maji, kuyapoza ukali, kuyapulizia hewa chuma kigande, kukikausha na kukisaga. Ukikichoma kwa moto mdogo unabaki na manjano, ukiongeza moto maji yaliyofungwa ndani yanatoka, manjano inageuka nyekundu. Kampuni ya Gamblin imeshazitia rangi hizo kwenye tyubu za wachoraji. Pennsylvania nako, mtaalamu Robert Hedin alikuwa ametangulia: aliacha maji ya migodi yatuame kwenye mabwawa, chuma kikazama chenyewe, akakichimba na kukiuza kwa watengenezaji wa rangi. Hiyo ni rangi ambayo kila kilo yake imetolewa mtoni.

FUNDI: Hiyo sasa nimeielewa. Rangi haihitaji kufanya muujiza sakafuni. Imeshafanya kazi yake kabla haijafika.

MWALIMU: Afrika Kusini maji ya namna hiyo yalianza kububujika magharibi ya Johannesburg mwaka 2002. Malighafi ipo barani kwetu.

FUNDI: Sokoni Kariakoo ipo?

MSANIFU: Sijaiona, mzee.

FUNDI: Kariakoo nitauziwa unga kwa kupima, kwenye mfuko usio na maandishi. Nikiuliza ni nini, naambiwa ni rangi ya sakafu.

SISTA: Tena mimi sitaki nyekundu. Sakafu nyekundu inaficha damu. Nataka kuiona damu ilipodondoka nikaisafishe. Nipeni rangi nyepesi. Manjano ya mchanga, kwa mfano.

Nilidhani ni ombi dogo. Mwalimu alikunja uso.

MWALIMU: Manjano ndiyo rangi ya kuogopa, sista. Manjano ya chuma ni tulivu, kama mchanga mbichi wa pwani. Ile manjano kali inayowaka, ya bei nafuu, mara nyingi imekuwa ni kromati ya risasi. Risasi haina kiwango salama mwilini mwa mtoto. Inagusa ubongo. Ndiyo maana mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na afya, UNEP na WHO, yanapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika milioni, na viwango vya Afrika Mashariki vimeifuata namba hiyo. Na sakafu ndiyo pahali inapokusanyika, kwa sababu rangi inayosagika hushuka chini ikiwa vumbi. Marekani walipoweka kikomo mwaka 2001 walikubali mikrogramu 40 katika futi moja ya mraba ya sakafu. Mwaka 2020 wakashusha hadi 10. Walishusha kwa sababu ya watoto wanaotambaa.

SISTA: Basi ule mfuko usio na maandishi usiingie wodini kwangu.

FUNDI: Hautaingia. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unataka kilo mbili na nusu za oksidi, na haifai kuzidi kilo tano, ukizidisha saruji inalegea. Kwa niru peke yake, wodi nzima haitakula mifuko mingi. Kamati inunue oksidi ya chuma yenye jina la mtengenezaji na karatasi ya vipimo. Bei itapanda kidogo, lakini hatununui tani.

MSANIFU: Na chumba cha kujifungulia? Na cha vidonda?

SISTA: Huko niru haitoshi, mzee wangu, unisamehe. Damu na dawa zinazama. Huko nipakieni epoksi isiyo na thina, mpandishe hadi ukutani kusiwe na kona.

FUNDI: Nimekubali, ila kwa masharti. Glavu na barakoa zije kabla ya makopo. Madirisha yawe wazi. Na vyumba vikiisha kupakwa, asiingie mgonjwa siku saba.

MWALIMU: Siku saba ndizo epoksi nyingi huzihitaji ili zikomae, na kama kuna harufu siku ya nane, mngoje tena.

Waliagana hivyo. Msanifu aliniambia mlangoni kwamba hajaiacha titani yake. Ataiomba kamati imruhusu kuijaribu kwenye baraza ya mbele, penye jua la asubuhi, kwa kipande kidogo na kipimo cha hewa kando yake. Nadhani wamruhusu. Jaribio la wazi, lenye kipimo, ni kazi ya heshima.

Hukumu yangu ni hii. Wodi ya watoto ibaki zege, kwa niru ya mzee, manjano ya chuma na silikati. Epoksi iishie kwenye vyumba viwili inakohitajika kweli. Titani isiingie ndani. Nawe msomaji unayejenga, iwe nyumba, darasa au zahanati: ukifika dukani uliza kwanza kopo lina gramu ngapi za mivuke kwa lita na sehemu ngapi za risasi, na muuzaji asipokuwa na karatasi inayojibu hayo, liache kopo lake. Kisha pita duka la vifaa, umnunulie fundi glavu nzito na barakoa, maana ndiye atakayeivuta rangi hiyo kabla ya mwanao.